Mke wa Ugenini na Chama cha Wenzake: Somo kwa Wakazi wa Kata ya Mlali

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwanamke anayeletwa na ndoa katika kijiji asichokijua hasubiri hata hiyo siku ya tatu. Jembe hulikuta limeegemezwa ukutani, ndoo ya maji inamngoja, na kabla mvua ya kwanza haijanyesha ameshaonyeshwa shamba la mume lilipo. Kazi za nyumba hufundishwa upesi. Yapo mambo mengine ambayo hakuna anayemfundisha, kwa kuwa kila mmoja hudhani atayajua mwenyewe: lugha inayosemwa jikoni kwa mama mkwe, haki zake mbele ya sheria, na mahali pa kusemea neno lisiloweza kusemwa mbele ya mawifi.

Somo hili linamhusu mwanamke huyo, pamoja na chombo kimoja kilichowasaidia wenzake mahali pengi duniani, nacho ni chama cha wanawake walioolewa ugenini. Litaanza hapa wilayani Kongwa, liende hadi Korea Kusini ambako wanawake kutoka Japani wamejiundia vyama vya namna hiyo, kisha lirudi Mlali kueleza jinsi wakazi wa kata wanavyoweza kuanzisha cha kwao.

Ugeni usiohitaji pasipoti

Si lazima mtu avuke mpaka wa nchi ndipo awe mgeni katika ndoa. Wilaya ya Kongwa ni njia panda. Wagogo wameishi hapa jirani na Wakaguru tangu zamani. Upande wa Kiteto wapo Wamasai. Na soko la mahindi la Kibaigwa huwakutanisha wafanyabiashara kutoka kila pembe ya nchi, na wengine kutoka nchi jirani. Penye soko na barabara kuu, posa nazo husafiri.

Hata ndoa ya majirani ina mafumbo yake. Kwa mila, Wagogo huhesabu ukoo kwa upande wa baba, ilhali Wakaguru huhesabu kwa upande wa mama. Baba akiwa Mgogo na mama akiwa Mkaguru, mtoto wao hudaiwa na pande zote mbili, kila upande ukisema huyu ni wetu. Geuza ndoa hiyo, baba awe Mkaguru na mama awe Mgogo: ukoo wa baba utasema watoto ni wa kwa mama yao, na ukoo wa mama utasema watoto ni wa kwa baba yao. Wazazi hao wasipokaa mapema na kuelewana, mtoto anaweza kukua akiwa na majina mawili na asiwe na mlango hata mmoja wa kubisha siku ya shida.

Kama hali ni hiyo kwa majirani wanaosalimiana kila siku ya gulio, mwanamke aliyetoka mbali zaidi ana mzigo mzito zaidi. Aliyelelewa kwa ndizi atajifunza kupika mlenda na ugali wa uwele, na akikosea mara ya kwanza atachekwa. Atajifunza kuitika "mbukwenyi" asubuhi. Hayo hupita. Kisichopita ni upweke wa mtu ambaye, akigombana na mume wake, kila mtu aliye karibu ni ndugu wa mume.

Kongwa na ndoa za wapigania uhuru

Wilaya hii ina historia yake ya ndoa zilizovuka mipaka. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha hapa mradi mkubwa wa karanga, ambao uliachwa mwaka 1951 baada ya kushindwa. Mwaka 1964, baada ya kuundwa kwa Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika yenye makao yake Dar es Salaam, Tanzania iliifanya Kongwa kuwa kambi ya wapiganaji wa vyama vya ukombozi. Walikuwapo FRELIMO wa Msumbiji, SWAPO wa Namibia na ANC wa Afrika Kusini, kisha wakaja MPLA wa Angola na ZAPU wa Zimbabwe. Samora Machel, aliyekuja kuwa Rais wa kwanza wa Msumbiji huru, aliongoza wapiganaji wa FRELIMO katika kambi hiyo. Makaburi ya wapiganaji waliofia hapa yapo Kongwa hadi leo.

Vijana hao hawakuishi mbali na watu. Walinunua chakula kwa wenyeji, walicheza mpira nao, na baadhi walipendana na mabinti wa hapa. Watoto wakazaliwa. Hali ilikuwa hiyo hiyo Morogoro, ambako ANC iliweka makao yake na baadaye kujenga shule ya Solomon Mahlangu pale Mazimbu na makazi ya Dakawa. Ndoa za wapiganaji zilihitaji ruhusa ya chama, na uhusiano mwingi ulibaki wa makubaliano ya watu wawili tu, bila cheti.

Tatizo halikuonekana mara moja. Mpigania uhuru wa wakati ule hakutumia jina lake la kuzaliwa. Alipewa jina la vitani ili adui asiwafikie ndugu zake nyumbani. Kwa usalama wa mapambano lilikuwa jambo la busara. Kwa mtoto aliyezaliwa Kongwa, lilimaanisha kwamba ubini aliopewa haukuwa wa ukoo wowote unaojulikana. Baba alipohamishiwa kambi nyingine, au alipofia vitani, au aliporudi kwao, mama alibaki na jina ambalo hata shangazi za mtoto huyo huko Afrika Kusini au Namibia wasingelitambua.

ANC ilifunguliwa tena kufanya siasa nchini mwake Februari 1990, na mwaka 1992 Mazimbu ilikabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania. Baadhi ya wanawake wa Kitanzania walifuatana na waume zao kwenda Afrika Kusini. Hapo mambo yaligeuka. Mume aliyekuwa mgeni Tanzania akawa mwenyeji, na mke aliyemkaribisha akawa mgeni. Kiswahili chake kilichotosha kila mahali nyumbani hakikumsaidia mbele ya mama mkwe anayesema Kizulu, Kixhosa au Kisotho. Mke wa aina hiyo hakuwa na ndugu wa kukimbilia, na kama ndoa yake haikuandikwa popote, hakuwa na cha kuonyesha. Mei 2008, ghasia dhidi ya wageni zilizoanzia Alexandra, Johannesburg, ziliua zaidi ya watu 60. Katika siku kama hizo lafudhi ya mtu peke yake ilitosha kumweka hatarini, hata kama watoto wake walizaliwa na baba wa nchi hiyo.

Historia hiyo inafundisha jambo moja. Mapenzi na ukarimu wa Kongwa havikupungua. Kilichopungua ni maandishi, na watu wa kumshika mkono mke alipokuwa yeye ndiye mgeni.

Wanawake wa Japani katika Korea Kusini

Mwaka huo huo wa 2008 nchi nyingine ilichukua njia tofauti. Korea Kusini ilitunga sheria ya kusaidia familia za tamaduni nyingi, yaani familia ambazo mmoja wa wazazi ametoka nchi nyingine. Wake wengi katika familia hizo walitoka Vietnam, China, Ufilipino na Japani. Chini ya sheria hiyo vilianzishwa vituo vya kusaidia familia ambavyo leo ni zaidi ya 200, vikiwa karibu na watu katika miji na wilaya. Vituo hivyo hutoa mafunzo ya lugha ya Kikorea, ushauri wa ndoa na malezi, na wakalimani kwa wanaokwenda hospitali au ofisi za serikali. Ipo pia huduma ya simu inayomwezesha mke mgeni kueleza shida yake kwa lugha yake mwenyewe.

Mwanamke wa Japani aliyeolewa Korea ana mtihani wa pekee. Japani iliitawala Korea kuanzia mwaka 1910 hadi 1945, na machungu ya utawala huo hayajasahaulika. Kila yanapotajwa shuleni au kwenye televisheni, mama huyo hukaa kimya mezani, na mtoto wake anaweza kuulizwa na wenzake kama yeye ni mtu wa upande gani. Kwa sura hatambuliki kirahisi kuwa mgeni. Anajulikana anapofungua kinywa. Kwa sababu hiyo wapo waliojizoeza kunyamaza hadharani na wakaacha kusema Kijapani hata na watoto wao wachanga.

Katika vituo hivyo wanawake wa taifa moja hujiundia vyama vidogo vya kusaidiana. Ndani ya chama, wanawake wa Japani husema lugha yao bila hofu. Aliyekaa miaka 20 humweleza aliyefika juzi namna ya kumwita mama mkwe kwa heshima, namna ya kusoma barua inayotoka shule, na namna ya kushiriki siku ya kusindika kabichi ya akiba, kazi ambayo familia za Kikorea huifanya pamoja kabla ya majira ya baridi. Watoto hufundishwa lugha ya mama. Zamani mama wageni waliambiwa waseme Kikorea tu ili mtoto asichanganyikiwe; baadaye programu za serikali zenyewe zilianza kuzihimiza familia zimlee mtoto kwa lugha zote mbili. Aidha, wapo wanachama waliokwenda shuleni kuwafundisha watoto wa Kikorea juu ya Japani, na mgeni aliyekuwa akinyamaza akawa mwalimu.

Jambo la kuzingatia ni kwamba chama hakikuwatenga wanawake hao na wenyeji. Mtu aliyepata saa mbili kwa wiki za kusema kwa lugha yake hurudi nyumbani akiwa na nguvu ya kujifunza lugha ya wengine.

Kazi tano za chama

Kutokana na mifano hiyo, chama cha wanawake walioolewa ugenini kina kazi tano.

Ya kwanza ni lugha. Mgeni hufundishwa Kiswahili kama hakijui, na maneno ya Kigogo au Kikaguru yanayohitajika msibani, shambani na zahanati. Ya pili ni mila: nani haitwi kwa jina, nani anapewa chakula kwanza, msiba unavaliwaje. Afadhali aelezwe na mwenzake kabla hajakosea kuliko akemewe baada ya kukosea. Ya tatu ni watoto, ili wajue lugha na jamaa za pande zote mbili, kwani mwacha asili ni mtumwa. Ya nne ni akiba. Sanduku la kikundi lenye kufuli tatu, ambazo funguo zake hushikwa na watu watatu tofauti, ni utaratibu unaofahamika katika vikundi vya kuweka na kukopa. Kwa mke wa ugenini sanduku hilo lina maana ya ziada: ndimo inamotoka nauli ya kwenda kwao akisikia mzazi anaumwa. Ya tano ni maandishi, nayo inahitaji kuelezwa kwa urefu.

Maandishi ambayo mke wa ugenini hapaswi kuyakosa

*Cheti cha ndoa.* Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa za kidini, za kimila na za kiserikali, na inataka taarifa ya kusudio la kuoana itolewe siku 21 kabla. Sheria hiyo pia inaeleza kwamba mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi na kutambuliwa na jamii kuwa mume na mke, wanaweza kudhaniwa kuwa wamefunga ndoa. Hata hivyo dhana hiyo inaweza kupingwa mahakamani kwa ushahidi, na mke wa ugenini ndiye ambaye mashahidi wake wako mbali. Cheti humwondolea safari hiyo.

*Mali iliyochumwa pamoja.* Mke asiye na mshahara asidhani kwamba hana mchango. Katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke zinaweza kuhesabiwa kuwa mchango katika kuchuma mali ya ndoa.

*Ardhi.* Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Lakini haki hiyo ni ya raia. Asiye raia hawezi kumilikishwa ardhi Tanzania isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, kwa utaratibu wake maalumu. Hivyo mke aliyetoka nje ya nchi anaweza kulima shamba moja miaka 30 na bado asiweze kuandikishwa kuwa mmiliki wake.

*Uraia.* Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inampa mwanamke wa kigeni aliyeolewa na raia wa Tanzania haki ya kuomba uraia wakati wowote wa uhai wa mumewe. Maneno hayo ya mwisho yasomwe mara mbili. Familia nyingi huahirisha jambo hili mwaka hadi mwaka, na mume akifariki mlango huo hufungwa. Kwa kuwa Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, uamuzi wa kuomba ni mzito, na mke anapaswa kuufanya mwenyewe baada ya kupata maelezo kamili katika ofisi ya Uhamiaji.

*Cheti cha kuzaliwa cha mtoto.* Vizazi vinasajiliwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA. Jina la baba liandikwe kama lilivyo katika nyaraka zake, si jina la utani wala la kazini. Watoto wa Kongwa wa miaka ile waliobeba majina ya vitani wanatosha kuwa funzo.

Namna ya kuanza

Kikundi hakihitaji jengo. Wanawake wachache wanaweza kukutana chini ya mti siku moja kwa wiki, baada ya kazi za shamba. Hatua ya kwanza ni kumwona Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata, ambaye huelekeza vikundi namna ya kuandika katiba, kuchagua viongozi, kutunza muhtasari wa vikao na kuomba usajili. Wanachama wazee wa kikundi wawe wageni wa zamani, maana wao ndio wanaojua njia.

Kikundi kilichosajiliwa kinaweza, kikitimiza masharti, kuomba mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo asilimia 4 ni kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni vema hata hivyo mkopo usiwe sababu ya kuanzisha kikundi. Kikundi kilichozaliwa na mkopo hufa na mkopo. Kilichozaliwa na haja ya kusikilizana huendelea hata sanduku likiwa tupu.

Waume na mama wakwe waalikwe mapema, angalau mara moja kwa msimu. Familia isiyojua kinachozungumzwa hudhani inasengenywa. Wakialikwa kula chakula cha kwao mkwe wao, wakaonyeshwa vitabu vya hesabu, hofu hupungua. Lakini siri ya mwanachama ibaki kuwa siri. Anayeeleza kwamba anapigwa asipelekwe tu kwenye usuluhishi wa ukoo; asindikizwe kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi, au kwa msaidizi wa kisheria anayetambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Mtoto akiwa hatarini, simu namba 116 hupokelewa bila malipo.

Maswali ya kujadili katika mikutano ya vitongoji

1. Katika kitongoji chako ni kaya ngapi ambazo mama wa nyumba ametoka wilaya, mkoa au nchi nyingine? Je, yupo ndugu yake yeyote anayeishi karibu?
2. Ni neno gani au mila gani ya hapa ambayo mgeni huikosea mara kwa mara, na ni nani anayepaswa kumweleza kabla?
3. Je, watoto wa kaya hizo wana vyeti vya kuzaliwa vyenye majina sahihi ya wazazi wote wawili?
4. Binti wa Mlali akiolewa mbali, ungependa akute nini huko? Ni kipi kati ya hivyo ambacho mkwe wako amekikuta hapa?

Wakazi wanaotaka kuanzisha kikundi, au wanaohitaji barua ya utambulisho kwa ajili ya nyaraka zilizotajwa, wafike katika ofisi ya Mtendaji wa Kijiji chao au ya Mtendaji wa Kata katika siku na saa za kazi.